Nilimtoa Mke Wangu Kwenye Kikao cha Kifo

Nimekosa, jamani. Naanza na hilo ili mtu asihangaike kunitafutia utetezi. Mke wangu alitaka kuongea kabla hajafa, mimi nikamnyamazisha. Na nilichokuja kumfanyia mwanangu baada ya hapo ni kibaya zaidi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Mlandizi. Mageti, madirisha ya grili, vitanda vya chuma, ndiyo kazi yangu. Kwetu ni Singida, lakini nilioa Mzaramo wa Kisarawe, nikazaa naye mabinti wawili. Majina nabadilisha. Mkubwa nitamwita Zuhura, wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo nitamwita Rehema, alikuwa na minne.

Mke wangu alikuwa muongeaji! Aliuza vitumbua asubuhi, na wateja wengine nadhani walifuata maneno yake kuliko vitumbua. Ukinuna nyumbani kwangu ulikuwa unajisumbua tu, atakusema mpaka ucheke.

Halafu ikaja saratani ya kizazi. Tulihangaika Dar miezi mingi. Siku ya mwisho daktari aliniita pembeni akaniambia, "Dawa zimefika mwisho. Mpeleke nyumbani, apewe za kutuliza maumivu, mkae naye."

Nikarudi kitandani kwake nikamwambia, "Daktari anasema unaendelea vizuri."

Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Haya."

Mimi nikajiona nimemsaidia. Mjinga mimi!

Kwa kuwa nashinda kazini, tukakubaliana akae Kisarawe kwa shangazi yake aliyemlea. Mabinti nilibaki nao Mlandizi, shule zilikuwa hazijafungwa. Kila Jumapili nilikwenda kumwona, na kila nilipofika niliingia na uongo wangu. Utapona. Umenenepa. Mwezi wa Ramadhani tutafunga wote. Akifungua mdomo kusema, "Baba Zuhura, kuna jambo nataka tuongee," mimi naruka juu, "Pumzika kwanza, utajichosha."

Jumapili moja niliwahi kufika, nikakuta mlango umefungwa. Jirani akaniambia bila wasiwasi wowote, "Wamekwenda kwenye kikao cha kifo."

Kikao cha nini?

Akanielekeza kwenye darasa la chekechea, nyumba chache kutoka pale. Nikaenda mbio. Nikasimama dirishani nikachungulia. Watu kama kumi na watano, kina mama wengi, wazee wachache, kofia za Kiislamu na misalaba shingoni humo humo, wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mbele yao alikuwa muuguzi mmoja mstaafu ambaye pale mtaani wanamwita Nesi.

Mzee mmoja alikuwa anasema, "Mimi nikifa msiniletee maspika. Nimevumilia kelele za jirani miaka thelathini, niacheni nipumzike." Watu wakacheka. Walicheka, ndugu zangu! Damu ikanipanda.

Halafu nikasikia sauti ya mke wangu. Alikuwa ameegemezwa ukutani kwenye mito.

"Mimi kaburi siliogopi," alisema. "Namwogopa mume wangu. Kila nikitaka kumuaga, ananiambia nitapona. Sasa nitaagana na nani?"

Hapakuwa na aliyecheka. Shangazi akamshika mkono.

Mtu mwenye akili angeingia taratibu akapiga magoti. Mimi nilipiga mlango teke.

"Wachawi nyinyi! Mnamwitia mgonjwa wangu Izraili? Mnamkalia kikao kabla hajafa?"

Nesi hakusimama hata. "Karibu baba. Chukua kiti ukae. Hata wewe una la kusema."

"Nina la kusema kwa mwenyekiti wa mtaa! Nitawashtaki wote!"

"Baba Zuhura," mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "usinitie aibu mbele za watu."

Nikambeba. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. Nje shangazi alinifuata akaniambia, "Mwanangu, kifo hakisubiri kutajwa ndiyo kije." Jioni ile ile nilikodi gari, nikamrudisha Mlandizi.

Na kweli nilikwenda kushtaki, sikuishia kwenye maneno. Mwenyekiti aliwaita, akawahoji. Wengine wakaogopa kuonekana washirikina, kikao kikafa kwa miezi kadhaa. Kumbe walichokuwa wanafanya ni kuambiana tu: nani abaki na watoto, nani unataka kumwomba msamaha, unataka kuzikwa wapi, unaogopa nini. Nilijua hayo baadaye sana.

Nyumbani nikaona mke wangu ametulia. Haniombi tena tuongee. Nikasema moyoni, umeona sasa, wamemwachia. Ila nikirudi mchana ghafla namkuta na simu mdomoni, ananong'ona, akiniona anaificha chini ya khanga.

Nikaanza kuwa na wivu. Nikadhani anaongea na Nesi.

Alasiri moja akiwa amelala nikaichukua ile simu. Hapakuwa na Nesi. Palikuwa na sauti alizojirekodi, na kila moja kaipa jina. Ya kwanza niliyoiona, "Zuhura akivunja ungo." Chini yake, "Rehema akianza darasa la kwanza." Inayofuata, "Zuhura siku ya ndoa." Zikaendelea chini, sikuzifuata zote.

Nikafungua ile ya kwanza. "Mwanangu, ukisikia sauti hii mimi nitakuwa sipo, lakini nisikilize hivyo hivyo kama..."

Nikaizima. Naapa kwa Mungu, nilichoona pale ni mtu anajitabiria. Niliona kwamba sauti zile zikibaki kwenye simu, zitamvuta. Mtu mzima nina ndevu, nawaza hivyo!

Nikachagua zote. Nikafuta. Nikarudisha simu chini ya khanga.

Kesho yake asubuhi nikiwa navaa viatu nilimwona anaitafuta simu yake. Akaishika. Akapekua. Akapekua tena, kidole kinakwenda juu na chini. Kisha akaiweka kifuani akaniangalia.

Hakulia. Alisema, "Baba Zuhura. Umeanza kunizika, na umeanzia mdomoni."

Nilijifanya sijasikia. Nikaenda kazini! Nilichomelea geti la mtu siku nzima, na sikumbuki hata lilikuwa la rangi gani.

Alijaribu kurekodi tena, nilimsikia. Lakini pumzi zilikuwa zimekwisha, maneno mawili anakohoa. Siku chache baadaye sauti ilikata kabisa. Siku ya tisa tangu nizifute akafariki, mkono wake uko kwenye mkono wa Zuhura, midomo inacheza na hakuna kinachotoka.

Tulimzika Kisarawe. Siku ya arobaini, dua imekwisha, watu wanakula, nikamwona Nesi ameinama kwa Zuhura. Sikusikia alichosema. Niliona tu uso wa mwanangu unavyowaka.

Akanijia mbio. "Baba! Nesi anasema mama alituachia sauti kwenye simu! Ziko wapi?"

Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi, mbele ya shangazi, mbele ya watu. Nikasema, "Sijaona kitu, mwanangu. Labda simu ina matatizo."

Wiki ile ile Zuhura akaipeleka simu kwa fundi, akalipia kwa hela zake za shule. Alirudi amevimba macho.

"Fundi anasema haina matatizo. Sauti zilikuwepo, lakini mtu alizifuta. Amejaribu kuzirudisha, imeshindikana." Kisha akaniuliza, "Baba, mama alizifuta mwenyewe? Alibadilisha mawazo?"

Nikamjibu, "Wagonjwa hubadilika, mwanangu."

Ndugu msomaji, kufuta zile sauti nilifanya kwa hofu. Hili la pili nilifanya kwa akili zangu timamu. Nilimwacha mtoto aamini kwamba mama yake alikaa, akamfikiria, akaona hana la kumwambia. Na nilimwacha hivyo zaidi ya mwaka!

Alibadilika. Alitoa picha ya mama yake ukutani. Rehema akimuuliza, "Dada, mama alikuwa anaongeaje?" anamjibu, "Sikumbuki." Na mimi nipo pale pale, nakunywa chai.

Alipovunja ungo, shangazi alikuja kumchukua ampeleke Kisarawe, akae ndani siku chache afundwe kama mila yao inavyotaka. Siku ya kumtoa nikaalikwa. Nikakuta kina mama wanaimba, wamempamba, anang'aa, na uso umekauka. Shangazi akamwambia, "Furahi basi mwanangu, mama yako angekuwepo..."

"Mama hakutaka kuniachia hata neno moja," Zuhura akasema. "Msinitajie mama."

Nyimbo zikakatika.

Sijui niliipata wapi sauti. "Aliacha," nikasema. "Aliacha maneno ya siku hii hii. Mimi ndiye nilifuta."

Shangazi alijishika kichwa. Zuhura alinyanyuka akanisogelea, taratibu. Nilitamani anipige.

"Ulisikia hata kidogo?" akauliza.

Nikamwambia nilichosikia, yale maneno machache. Akasema nirudie. Nikarudia. "Alisemaje, kwa haraka au polepole?" Nikamwambia polepole. "Rudia tena." Nilirudia mpaka koo likakauka, mbele ya kina mama wote wale, na kila nikifika kwenye "kama" nakwama, kwa sababu pale ndipo nilipozima.

"Kama nini, baba?"

Sijui mpaka leo.

Hakurudi Mlandizi. Anaishi kwa shangazi, anasoma huko huko. Nikienda ananipa shikamoo, ananiandalia chakula, anaondoka. Adabu yote anayo. Ila hajaniita baba tangu siku ile.

Kikao kimerudi, kinakaa kila Jumapili. Miezi miwili iliyopita nilijikaza nikaenda kuwaomba radhi. Nilidhani watanifukuza. Yule mzee wa maspika alikwishafariki, na wakaniambia alizikwa kimya kama alivyotaka. Walinipa kiti, wakaniacha niseme yote. Nilipomaliza, Nesi alikuwa anafuta machozi.

"Baba, katika zile sauti ulisikiliza ya kwako?"

"Ya kwangu?"

"Ilikuwepo. Ndiyo aliyoanza nayo. Aliirekodi hapa hapa, kabla hujaja kumchukua."

Jamani! Nikamshika mikono yule mama, nikamwambia niambie alisema nini, hata neno, hata kama alinilaani.

"Sijui," Nesi akasema. "Alituomba sote tutoke nje. Tulimsikia anacheka tu."

Anacheka! Nalala na hilo, naamka na hilo. Natengeneza dirisha la mtu, natulia kidogo, nasikia kicheko cha mke wangu nyuma ya mlango, na sijui anacheka nini. Ni kosa langu gani alilikumbuka, ni siku gani, ni siri gani ya sisi wawili. Hakuna binadamu aliye hai anayejua. Nilikuwa na jibu mkononi nikalifuta kwa kidole.

Nawaomba nyinyi mnaosoma hapa, hasa wanaume wenzangu ambao tunajifanya ndiyo nguzo. Mgonjwa wako akikuambia kuna jambo anataka muongee, usimwambie apumzike. Yeye anajua hali yake kuliko wewe. Kaa chini. Mwache aseme anataka nani abaki na watoto, mwache alie, mwache hata akusute. Hutamwua kwa kumsikiliza. Wangu sikumsikiliza, na alikufa vile vile.

Na kama umeshakosea, na kuna mtoto ndani ya nyumba yako anaamini uongo kuhusu marehemu kwa sababu unaogopa aibu, mwite leo. Usisubiri ngoma wala harusi. Mwambie angali bado anakuita baba.