Gari Lililozimwa Likiwa Baridi

Isao Nukaga ni mtu mwema, na wasiomjua vizuri watakuapia hivyo mpaka kesho. Fundi wa vigae, miaka hamsini na moja, mrefu kiasi kwamba jirani akitaka kubadilisha taa ya barazani hahangaiki na ngazi, anamwita yeye. Tetemeko likipita na mapaa ya mji wao wa Nihonmatsu, huko Japani, yakamwaga vigae, Isao huanza na nyumba za wajane. Wenye nguvu zao watasubiri. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ana wivu, atacheka. Lakini wivu alikuwa nao, tena ule wa kumnyima mtu usingizi, na aliyemwonea ni binti wa posta.

Chanzo ni gari. Gari lenyewe la mzee Toyoaki Segawa, mwenye karakana nyuma ya kiwanda cha pombe ya mchele: milango miwili, jeupe lililoingia manjano, la mwaka 1989, na taa zake hulala ndani ya boneti mpaka uzihitaji. Injini yake haina pistoni. Ndani mna vipande viwili vya chuma vya pembe tatu vinavyozunguka kama jiwe la kusagia, ndiyo maana watu wa pale huiita rotari, na mlio wake ni wa nyuki waliochokozwa. Miaka kumi na tisa mzee Segawa aliliseresha gari hilo kiubavu kwenye kona za uwanja wa Kuromori, moshi wa matairi ukifunika majukwaa. Na miaka hiyo kumi na tisa Isao ndiye aliyelala chini yake, mgongo kwenye saruji. Injini aliifungua mara nne, akaifunga mara nne. Mkewe, Yoshie, alikwisha kukubali yaishe.

"Wenzangu wana wake wenza wanaokula wali," alikuwa akisema akimfungia matonge ya chakula cha mchana. "Wangu anakunywa petroli."

Basi nyonga ya mzee Segawa ilipokataa kabisa kukanyaga klachi, kila mtu alijua gari linakwenda kwa nani. Isao mwenyewe alikuwa amekwisha kulifagilia nafasi kwenye banda lake. Mwezi wa tisa, karakanani, wakiwa wanakula tambi, mzee akaweka bakuli chini akasema, "Gari nampa Chinatsu."

Chinatsu Orikasa. Miaka ishirini na tisa, mfupi, kutwa kwenye pikipiki akisambaza barua, na katika mchezo wa kuseresha alikuwa na miaka mitatu tu. Mitatu! Alikuwa akimwita Isao "mjomba", na Isao alilichukia neno hilo toka siku ya kwanza.

Isao alimeza tambi zake. Wengine waliokuwa wakila nao walipoondoka akauliza, kwa upole, kwa nini.

"Wewe ungelitunza," mzee alisema. "Yeye ataliendesha."

Ukweli ukiusema taratibu hauumi kidogo kuliko ukiusema kwa kelele. Isao naye aliseresha, alikuwa na gari lake la milango minne, lakini aliliingiza kwenye kona kama mtu anayehamisha kabati. Chinatsu alikuwa mwingine. Kona ya tatu ya Kuromori ina ukuta kwa nje, na wengi huuogopa. Siku moja yeye aligeuza usukani mapema, akagonga klachi mara moja, mkia wa gari ukatoka, ukaupita ukuta kwa nafasi ya kiganja, naye akiwa ametulia humo ndani kama anayesoma anuani kwenye bahasha. Watu walisimama. Isao naye alisimama, akapiga makofi, na moyoni alikuwa akiomba tairi lipasuke. Usiniulize mtu mwema anaombaje hivyo. Aliomba, na dua la kuku halimpati mwewe, tairi halikupasuka.

Vuli nzima ilikwenda hivyo. Akimfundisha kupima mafuta, au kuiacha injini iliyotoka mbioni ipoe kidogo kabla ya kuizima, roho inamuuma. Akimsikia mzee anamcheka kwa furaha, roho inamuuma. Yoshie akamwambia siku moja, "Baba, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Liache gari la watu." Hakuliacha.

Sasa, rotari ina tabia moja ambayo kila mtu pale Kuromori anaijua kama jina la mama yake. Ukiiwasha ikiwa baridi, uisubiri ipate moto. Ukiiwasha, ukalisogeza gari hatua mbili tatu, ukazima, petroli inabaki ndani na plagi zinalowa. Ukirudi baadaye haiwaki. Mzee Segawa hakuwa na sheria nyingi, lakini hiyo alikuwa nayo. "Ukishamwamsha mtu, mpe chai kwanza," alikuwa akisema. "Humrudishi kitandani na njaa." Zamani mwanafunzi wake mmoja, karani wa benki, alilizima likiwa baridi kwa sababu simu yake ililia. Mzee alimfungulia mlango wa karakana, akamwonyesha barabara, na huyo karani hakurudi tena.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya mchezo, mwezi wa kumi na moja. Hati za gari zilikuwa kwenye mkoba wa mzee. Baada ya chakula cha mchana angegonga muhuri, gari liwe la Chinatsu kisheria. Isao alifika saa kumi na mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia na sakitu imetanda kwenye vioo vya magari. Gari jeupe lilikuwa pale Chinatsu alipoliegesha jana yake. Mlinzi akaja akisugua mikono.

"Fundi, lisogeze kidogo hilo, lori la maji lipite."

Funguo huachwa ndani. Kuromori hakuna anayeiba. Isao alifungua mlango, akakisukuma kiti nyuma maana magoti hayakuingia, kikalia tak. Akawasha. Rotari ikakohoa, ikashika. Akalisogeza hatua nne. Lori likapita.

Akakaa humo, mkono kwenye ufunguo. Asije mtu akakwambia alisahau. Mikono ile ilikuwa imeifungua injini ile mara nne. Alijua atakachokifanya, alijua sheria ya mzee, na alijua nani atalaumiwa. Akazima. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akaenda kunywa chai.

Saa mbili watu wakajaa. Chinatsu akaja mbio na kofia ngumu kwapani, akaingia, akajivutavuta na kiti, akawasha. Stata ikazunguka. Ikazunguka tena. Injini kimya.

Mzee Segawa alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, fimbo katikati ya magoti. Hakuhitaji kuinuka, sauti ile alikuwa anaijua.

"Imelowa," alisema. "Nani kalizima likiwa baridi?"

Isao alikuwa anaangalia viatu vyake. Chinatsu aliutoa mkono kwenye ufunguo, akaangalia kiti, akaangalia kioo cha mbele, kisha akashuka na kuinama mpaka nywele zikafunika uso.

"Mimi, mzee. Jana jioni. Nililishusha kwenye trela, nikalisogeza, nikazima. Nisamehe."

Mzee akanyoosha mkono, Chinatsu akamwekea funguo kiganjani.

"Isao," mzee aliita, akimpa funguo. "Likaushe. Likiwaka, ingia wewe. Hati tutaandika jina lako."

Basi, alilolitaka akalipata. Isao alifanya kazi yake haraka. Akachomoa fyuzi ya pampu ya petroli. Akatoa plagi zote nne, akamwambia mtu azungushe stata kwa kupitisha mkono dirishani, na petroli ikafuka kutoka kwenye matundu. Plagi akazikausha kwenye jiko la gesi la mama aliyekuwa anachemsha supu ya uwanjani, akazirudisha, akarudisha fyuzi. Yule mtu akazungusha ufunguo tena kupitia dirishani, injini ikawaka kwa wingu jeupe na watu wakamshangilia. Chinatsu alikuwa amesimama kando ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Isao aliuona uso wake na alifurahi. Naam, alifurahi, niandike nini kingine?

Akaiacha injini ipate moto, dakika kumi kamili. Kisha akavaa kofia, akafungua mlango, akaingia, na magoti yakagonga usukani.

Akashusha mkono, akakisukuma kiti nyuma. Tak.

Pale ndipo alipoelewa. Alfajiri alikiacha kiti nyuma kabisa. Mtu aliyeingia baada yake alikikuta nyuma, akakivuta mbele, ndipo akawasha. Kwa hiyo aliyewasha alijua, kabla hata hajagusa ufunguo, kwamba mtu mwenye miguu mirefu amekaa hapo asubuhi hiyo. Na wenye miguu mirefu pale karakanani ni mmoja.

Chinatsu alikuwa amesogea dirishani.

"Kiti ulikivuta," Isao alisema.

"Nilikivuta."

"Kabla hujawasha."

"Kabla sijawasha, mjomba. Miguu yangu ndiyo mifupi, akili sivyo."

"Sasa kwa nini ukasema ni wewe?"

Binti alifuta kioo cha pembeni kwa mkono wa koti, kana kwamba kilikuwa na uchafu. "Kwetu tuko mabinti watatu, mimi wa mwisho. Wivu naujua toka sahani ya kwanza. Na mzee angekuonyesha barabara; mimi nilidhani atanifokea tu. Hii injini mimi siijui, unaijua wewe. Ingenifia kabla theluji haijayeyuka."

Heri angempiga kofi. Isao aliushika usukani, na hapa nisimpambe: alikaa dakika nzima akifikiria kunyamaza. Hati zilikuwa kwenye mkoba. Mzee alikwisha kusema. Binti mwenyewe alikwisha kukubali kosa mbele ya watu. Alihitaji tu kukanyaga klachi na kuondoka. Gari lilikuwa linatetemeka chini yake, lenye moto, tayari, lake.

Akashusha mkono, akakivuta kiti mbele mpaka kikambana tumbo, akajichomoa kwa shida akaiacha injini ikinguruma. Akatembea mpaka kwenye kiti cha kukunja.

"Mzee, ni mimi niliyelizima. Asubuhi hii."

"Ulisahau?"

"Hapana."

Mzee Segawa alimtazama kama mtu anayetafuta ufa kwenye ukuta alioujenga mwenyewe. Halafu akainuka kwa fimbo, akakigeuza kiti chake, akaketi tena, akampa mgongo. Kuhusu barabara hakusema kitu. Isao hakujua aondoke au abaki, akabaki amesimama hapohapo, kofia mkononi.

Chinatsu akaingia garini, akalipeleka uwanjani. Kona ya tatu aliiingia kiubavu mapema kuliko siku zote, mkia ukapita ukutani mpaka vumbi la saruji likaruka, na moshi mweupe ukalifuata gari hadi kona ya nne. Lilikuwa jambo zuri kuliangalia. Isao aliliangalia lote, na wivu ulikuwa palepale, haukupungua hata punje. Asiyeamini kwamba mtu anaweza kutubu na kijicho kingalipo, basi hajawahi kukipata.

Gari likarudi likitoa joto, likasimama mbele yao. Chinatsu akateremsha kioo.

"Mjomba," aliita, "nizime?"

Isao akautazama mgongo wa mzee. Mgongo haukugeuka.

"Si umeulizwa?" mzee alisema.

Isao akasogea, akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza.

"Bado," alisema. "Ngoja kidogo."