Mji wa Bibi Haruko umebandikwa mlangoni

Leo nimembishia bosi.

Mimi ni karani wa makao ya wazee hapa Columbus, ughaibuni. Kila mlango tunabandika jina la mzee na kwao.

Bibi Haruko ametoka mji mdogo wa pwani ya Japani, ambao ulishaunganishwa na jiji kubwa.

Bosi akasema, "Andika jiji. Huo mji haupo tena."

Bibi akacheka. "Binti, muulize samaki tulianikia wapi. Jijini?"

Kambi ya wakimbizi nilikozaliwa, Tanzania, ilishafungwa. Lakini nikiulizwa kwetu, naitaja hiyohiyo.

Nikaandika mji wa Bibi, nikabandika bosi akiniangalia.

"Ukitaka, bandua wewe," nikasema.

Bibi akasimama mlangoni na fimbo yake.

Bosi akaondoka.

Nikifukuzwa kesho, mjue sababu. Haya, ninyi kwenu wapi?