Machicha kwa Mwanambuzi wa Tumaini

Kila ninaposikia harufu ya machicha ya pombe ya ulezi, ile harufu chachu inayobaki kwenye chujio, mkono wangu wa kulia hujifumba wenyewe. Ninyi mnaosoma mtanivumilia. Mimi sikupelekwa shule, na maneno haya anayaandika mjukuu wangu kama ninavyomwamuru.

Kwetu Itaka, aliyepelekwa shule ni mdogo wangu, Tumaini. Mimi nilibaki kuchunga. Mwaka huo mbuzi wetu mmoja alimkataa mwanawe, na Baba akamkabidhi Tumaini amlee kwa maziwa ya ng'ombe. Asubuhi alimnywesha, akamfunga penye majani, akaenda zake shule. Kutwa nzima mwanambuzi huyo alikuwa nami: nilimtoa kupe, nilimvusha kijito, nilimkinga mvua kwa khanga yangu. Lakini jioni, Tumaini alipotokea kwenye mibuni, mwanambuzi alinichomoka mikononi na kumkimbilia akilia kama mtu aliyekuwa ametekwa.

"Pole, Dada," Tumaini alinicheka. "Mtoto anamjua mama yake."

"Mama gani wa kushinda shuleni?"

"Wa kupendwa."

Asubuhi moja Mama alichuja pombe ya watu waliokuja kutulimia shamba. Machicha yalikuwa ya kuku. Mbuzi wakubwa walionjeshwa kidogo tu, wakiwa wameshiba majani. Hilo nililijua. Hata hivyo nilimpa mwanambuzi konzi moja ya machicha, akailamba, akanitazama. Konzi ya pili, akanifuata hadi mlangoni. Moyo wangu ulijaa. Nikampa ya tatu, na ya nne.

Jua halijafika utosini, tumbo lake lilikuwa limevimba upande wa kushoto, gumu kama ngoma. Mama alimnywesha mafuta, akamsugua, akamtembeza. Mwanambuzi akasaga meno, akaanguka. Tumaini aliporudi hakukimbiliwa na yeyote.

"Dada, alikula nini?"

"Majani yenye umande," nilisema. "Pale ulipomfunga asubuhi."

Baba alitaka kumpasua aone kilichomuua. Tumaini alilia kwamba azikwe mzima, na kilio chake kikanisitiri.

Nilikuwa na watoto watano nilipoelewa. Baba yao alikuwa akirudi kutoka Tunduma, nao walinipita jikoni kama jiwe la kuotea moto, wakamkimbilia yeye. Anayekimbiliwa ni yule aliyekuwa ameondoka. Mwanambuzi yule angenikimbiliaje, ilhali kutwa alikuwa ubavuni pangu?

Sasa Tumaini yupo Mlowo, bibi kama mimi. Hadi leo hawaruhusu wajukuu wake kuwatoa mbuzi kabla umande haujakauka, na huwasimulia jinsi uzembe wake ulivyomuua mwanambuzi wake wa kwanza. Nimeketi pale akisimulia, nikanywa chai yangu.

Usinitazame hivyo, mjukuu wangu. Andika kwamba ni mimi, kisha umpelekee karatasi hii. Usimsomee. Atasoma mwenyewe.