Mtego wa Vifungo Viwili

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa stoo ya mizigo pale stesheni ya Nakuru, na nilijiona mtu wa akili. Aliyenitoa kiburi ni fundi cherehani mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani. Saa ya chakula cha mchana tulicheza drafti barazani kwake, kete zikiwa vifungo: vyeusi vya koti, vyeupe vya shati. Sheria yake haikuwa na huruma. Mshindi hukaa kwenye benchi, aliyeshindwa hunywa chai akiwa amesimama. Mimi nilisimama tangu mvua zilipoanza hadi mahindi yakakomaa.

Alinishinda kwa mtego mmoja tu. Ananiachia vifungo viwili, na kwenye drafti ukiachiwa lazima ule. Nikishakula, anaruka vyangu vitatu kwa mkupuo na kuingia kingi, safu ya mwisho upande wangu.

"Kula, bwana," alinihimiza kila mara. "Umekonda sana."

Nikaamua kusoma. Nilichora ubao kwa makaa kwenye kifuniko cha sanduku la majani ya chai, nikawa napanga mtego ule ule kila jioni, mara kumi, mara ishirini. Nilikaa upande wangu na punje za mahindi. Bibi, mke wangu, nikamkalisha upande wa fundi na maharagwe. Alinung'unika kwamba namchelewesha kupika, na kete zenyewe ndizo mahindi na maharagwe ya githeri yetu, lakini alisogeza.

Baada ya miezi miwili nilikwenda barazani nikitembea kwa maringo. Fundi akapuliza vumbi lililoletwa na upepo wa ziwani kutoka ubaoni, tukaanza. Mkono wangu, kwa mazoezi yote yale, ukaenda wenyewe moja kwa moja hadi mahali pa kuliwa. Ndipo nikang'amua kwamba nilichokuwa nimejifunza ni kushindwa, tena kwa ufasaha. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Bibi alikuwa amefika na chakula changu. Fundi, kwa kunichoma tu, akamwambia, "Shemeji, karibu ucheze wewe. Huyu amechoka."

Bibi akaweka kikapu chini, akacheza. Alipoachia vifungo viwili, fundi alitabasamu, kisha tabasamu likakwama.

"Kula, fundi," bibi akasema, maneno aliyonisikia nikiyaigiza nyumbani kila siku. "Umekonda sana."

Akala, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Bibi akaruka vitatu, na haukupita muda mrefu fundi akawa amesimama, kikombe mkononi. Bibi hakukaa hata dakika.

"Kaa hapa mahali pangu," akaniambia. "Nimeacha sufuria motoni."

Nikakaa, nimejaa fahari utadhani mimi ndiye niliyecheza.

"Bwana," fundi akasema huku akipoza chai yake, "leo umekaa kwa kuoa."

Jioni nilipanga ubao nikaketi upande wa maharagwe. Bibi akaja, akanitazama, akaniambia nirudi upande wangu.