Mboga za Bwana Majani

Wenzangu mliokulia Ugogo wakati wa Mjerumani, hebu niambieni kama ni mimi tu: mbona tulikuwa hatutulii? Miguu ilituwasha. Jumamosi ikifika, jua halijapanda vizuri sisi tushavuka korongo, magoti yamechanika kwa miiba, midomo imekauka kwa ukwaju mbichi. Vijana wa leo ukiwatuma dukani wanauliza kama hakuna mwingine wa kwenda.

Tulikuwa na chama. Watoto saba wa shule ya misheni, na mkubwa wetu alikuwa mwalimu Mjerumani tuliyemwita Bwana Majani, maana akiona mmea asioujua alipiga magoti hapo hapo njiani. Kazi yetu ilikuwa kuokota mimea, mzizi na jani na ua vyote pamoja, kuikausha kati ya karatasi na kuandika majina yake ya Kigogo chini. Ukileta jani bila mzizi, unarudi porini. Yona, mtoto wa jirani, aliwahi kuleta nyoka mdogo mfukoni, eti naye akaushwe. Loo! Bwana Majani alipanda juu ya benchi.

Msichana nilikuwa peke yangu, na baba hakupenda. "Asome ili amsomee nani, mbuzi?" Alikubali shingo upande, kwa sharti moja: siku Bwana Majani akinikataa, shule basi, narudi kwenye jiwe la kusagia. Sasa wakati wa kiangazi nikapewa mimi bunda zima la mimea ya chama nilitunze, mpaka litakapopelekwa stesheni lisafiri kwenda Ulaya. Nililitundika kwenye boriti ya nyumba yetu ya tembe, juu ya moshi, wadudu wasilile. Kila nikipita nilikuwa nalitazama.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Ghala likabaki vumbi, ugali ukawa mdogo na mboga hakuna kabisa. Basi siku moja natoka kisimani, nasikia harufu ya mlenda! Sikuuliza kitu. Nilikula mpaka nikaufuta chungu kwa kidole. Baba aliongezewa mara tatu, akasema mama yake, yaani bibi aliyepika, hana mfano duniani.

Nilipokuwa naosha mikono ndipo nikamwuliza bibi mboga kaitoa wapi.

"Si zile ulizotundika? Nani anafunga mboga kwenye karatasi watu wanalia njaa?"

Mama yangu wee! Nilikimbilia boriti. Mlenda hakuna, mgagani hakuna. Mimea michungu na ile ya sumu ndiyo aliyoirudisha, kila mmoja kwenye karatasi yake, imenyooshwa vizuri kuliko nilivyoinyoosha mimi. Nilimlilia bibi kwamba ameniua. Akanitazama tu, hakuelewa ameua nini.

Tangu hapo sikukaa. Nasaga, naacha, natoka kuangalia njia. Nilizunguka mbuga nzima kutafuta mlenda mwingine, lakini kiangazi kile ungepata nini? Ardhi ilikuwa imepasuka, nikachimba kwa kijiti mpaka kucha zikauma. Nilichopata ni vijiti vikavu visivyo na jani.

Bwana Majani alilifungua bunda mbele ya darasa. Karatasi tupu, karatasi tupu, tena tupu, na mwandiko wangu chini. Akauliza mdudu gani amekula.

"Sisi, Bwana."

Hakunichapa. Alifunga kamba polepole, akasema nisije tena Jumamosi. Mdomo wa Yona ulifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta baba amesimama mlangoni.

"Amekukataa. Jiwe lile pale."

Nikainama kulishika. Bibi alikuwa amekaa chini anapepeta, hakuinua hata uso.

"Mwanangu, nani alikula zaidi siku ile?"

Baba akajifanya anatazama zizi.

"Nakuuliza wewe. Mara tatu nilikuongezea. Aliyekula shule ya mtoto ndiye asage."

Wake za jirani waliokuwa uani walicheka hadi wakashikana mabega. Baba alikohoa, akachukua fimbo yake, akawafuata ng'ombe. Asubuhi yake alisema, bila kunitazama, "Utachelewa shule."

Chamani sikurudi, na Jumamosi ziliniuma kweli, kuwaona wenzangu wakivuka korongo bila mimi. Lakini darasani nilikaa, mbele kabisa, sikutaka herufi hata moja inipite. Nilipata miezi mitano tu. Vita vikaja, Bwana Majani akashika bunduki, vijana wetu wakachukuliwa kubeba mizigo, na shule ikafungwa. Ufasaha wa kusoma nilio nao mpaka leo niliupata katika miezi ile mitano.

Wajukuu zangu shule wanaiona kutoka kitandani. Wana miaka na miaka mbele yao, wala hakuna anayewazuia mlangoni. Na kila jioni wananiuliza: "Bibi, tunafunga shule lini?"