Jina Kwenye Kitako cha Bunduki

Ukitoka Kitengela kuelekea Isinya, kabla hujafika machimbo ya mawe, utaona vitanda vimepangwa kando ya lami vinakula vumbi. Ni vya fundi Nzuki. Usivicheke. Mikono iliyogonga misumari ile zamani ilikuwa ikichonga twiga wa mti mmoja bila kiungo, na vichwa vya wazee wenye mikunjo mpaka kwenye masikio, na watalii wakigombania kununua. Halafu biashara ya vinyago ikafa, na tumbo halijui sanaa. Nzuki akashika vitanda, fremu za sofa na, siku za huzuni, majeneza. Miaka kumi na miwili hakuchonga kitu cha kumfanya ajisikie mtu. Hilo lilimuuma na hakulisema, maana mwanamume wa miaka hamsini na tisa akilia kwamba amekosa kuchonga twiga, watu watamwambia aende akalale.

Basi Jumanne moja asubuhi akaja mwanamke na gari dogo la kijivu, akatoa gunia kwenye kiti cha nyuma, akaliweka juu ya meza ya kazi. Nzuki akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha mti kilichopasuka katikati, kimekaa kama paja la mbuzi. Akakigeuza, akakitazama vizuri, halafu akakiachilia kikaanguka mezani.

"Madam, hii ni bunduki."

"Ni kitako tu, fundi. Bunduki yenyewe iko kilabuni, imefungiwa."

Kitako ni ule mti wa nyuma ya bunduki, unaoegemea begani, na anayelenga hulaza shavu lake juu yake. Nzuki alikuwa ameviona vingi mikononi mwa askari. Lakini kukishika ndani ya karakana yake mwenyewe, mchana kweupe, gari la polisi likipita pale barabarani, kulimtoa jasho la mgongo. Hapa kwetu watu wamelala ndani kwa makosa madogo kuliko hayo.

Mwanamke akajitambulisha, huku akizuia kicheko. Alikuwa Kakenya Metito, mwalimu wa hesabu kule Kajiado mjini. Bunduki ilikuwa ya baba yake, ya leseni, ya kulenga shabaha kilabuni na si kitu kingine. Baba alifariki mwaka jana, na sasa leseni imetoka kwa jina lake yeye. Mchwa walikuwa wamekula kitako kimyakimya, na siku alipokiegemeza begani mara ya kwanza kikapasuka. Alitaka kingine chenye sura ileile ya kizamani, ila kiweze kurefushwa na kufupishwa, na pale pa shavu pawe pa kupanda na kushuka.

"Yule mzee alikuwa mrefu," akasema. "Mimi ndio huyu unaniona. Na wakati wa baridi navaa jaketi nene, urefu unabadilika tena. Ziko za kisasa za plastiki zinafanya hiyo kazi, lakini zinakaa kama pampu ya maji. Mimi nataka ikae kama yake."

"Lete barua ya serikali yenye muhuri," Nzuki akamjibu. "Bila barua, mwalimu, mimi sijakuona na wewe hujaniona."

Alhamisi barua ikaja, imepigwa muhuri mara mbili. Nzuki alivaa miwani akaisoma mara tatu. Ilisema kwamba bunduki iliyokuwa ya marehemu Koinet ole Metito sasa ni ya Kakenya Metito, na kwamba fundi ameruhusiwa kutengeneza sehemu ya mti peke yake. Moyo wake ukatulia kidogo. Ndipo Kakenya akamwambia lililobaki, na hilo halikuwa dogo.

"Ndugu zangu hawataki nikae na bunduki. Wanasema irudishwe kwa serikali. Tumebishana mpaka mama akatunyamazisha, akasema ni yeye ataamua, na ataamua akishaona huo mti mpya. Akiukubali, inakaa na mimi. Akiukataa, naipeleka Jumatatu inayofuata, na sitabaki na kitu chochote cha yule mzee."

"Mama anapenda mti wa namna gani?"

"Sijui, fundi. Wewe tengeneza tu vizuri."

Nzuki aligundua kwamba siku zote mbili huyu mwalimu hakulitaja jina la baba yake hata mara moja. Ilikuwa ni yule mzee, au mwenye bunduki. Akamhurumia. Akawaza, uchungu umemfunga ulimi, maskini.

Mke wake Mukai alipoisikia kazi yenyewe alikaa chini juu ya kitanda kisichokuwa na godoro. "Umeacha vitanda vya watu unatengeneza bunduki? Nzuki, wewe uko sawa?" Lakini ni yeye aliyeshika futi siku ya kupima, kwa sababu Nzuki aliona haya kushikashika mkono wa mwalimu wa watu. Wakapima kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kiungo cha kidole cha kufyatulia. Nzuki akamwambia Kakenya afumbe macho, ainue kitako cha zamani, kilichofungwa kwa kamba, alaze shavu, kisha afumbue. Jicho likaonekana chini sana, limezama nyuma ya mti. Bunduki ya baba ilikuwa ikimtazama mtoto kutoka juu.

Akaenda chumbani, akalala kifudifudi, akavuta uvunguni gogo la mzeituni mwitu alilolihifadhi tangu enzi za vinyago. Alikuwa ameliapia kwamba halitakuwa mguu wa kitanda hata njaa iingie ndani ya nyumba, na njaa iliwahi kuingia, na gogo likabaki.

Wiki tatu. Fimbo za chuma za kuteleza alizipata kwa jamaa wa kutengeneza mashine za kuchapisha, pale mjini, kutoka kwenye printa zilizokufa: chuma laini, kimenyooka, hakina kutu. Mbili akazificha nyuma ili kitako kirefuke, mbili akazisimamisha chini ya shavu. Skrubu zake akazizamisha ndani ya mti zisionekane. Ukikitazama kwa mbali ungesema ni kitu cha babu yako. Ukikishika, kinasogea bila kelele. Nzuki alikuwa akikisogeza mbele na nyuma peke yake, mbele na nyuma, akitabasamu kama mtu aliyepewa mtoto. Msasa ulipofika ule wa mwisho, mti ukatoa mistari ya kahawia na ya asali, na Nzuki akajikuta anaimba. Mukai alisimama mlangoni, amepigwa na butwaa, kwa kuwa sauti ile alikuwa ameisahau.

Laiti angeishia hapo. Lakini fundi akifurahi sana huwa lazima aongeze kitu.

Kwa Wakamba, watu wa kina Nzuki, marehemu huitwa kwa jina. Nzuki mwenyewe amebeba jina la babu yake, na mjukuu wake amebeba jina la Nzuki, na mtoto akilia usiku bibi humbembeleza kwa jina la mtu aliyezikwa zamani. Kwao, kumtaja aliyekufa ni kumpa kiti. Sasa huyu binti amefungwa ulimi, na mama yake anakuja kuamua. Ni zawadi gani ingewafurahisha hawa kuliko kumkuta mzee wao hapo, ameandikwa? Akatafuta patasi nyembamba kuliko zote. Akaichukua barua, akanakili herufi moja moja, na pale hasa ambapo shavu la Kakenya lingelala, akachonga: KOINET. Kazi safi, herufi zenye mikia, zimezungushiwa mstari wa shanga ndogondogo. Hakumwambia mtu, hata Mukai. Alitaka kuwashtua, na Mungu akampa alichotaka.

Walikuja Jumamosi. Mama alishuka kwenye gari polepole, mrefu, mwembamba, shuka limefungwa begani juu ya gauni la kanisani. Jina lake la ubatizo ni Ruth. Nzuki alikuwa amefanya mazoezi ya kumsalimia kwa Kimaasai, na mama kwao ni yeyo.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," mama akaitikia, akamtazama kwa makini. "Ni wewe fundi?"

"Ni mimi, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Nzuki akafunua kitambaa, akampa kitako kwa mikono miwili, upande wa jina umeelekea chini ili alikute mwenyewe. Mama akakipima uzito. Akakiinua puani, akanusa, uso wake ukalegea.

"Oloirien," akasema. "Huu ndio mti tunasafisha nao vibuyu vya maziwa. Nani alikuambia?"

"Hakuna, mama. Ndio nilikuwa nao."

"Umechagua vizuri."

Kakenya alishusha pumzi kwa nguvu mpaka Mukai akasikia. Akamwonyesha mama yake jinsi kitako kinavyorefuka, jinsi kinavyorudi. Mama akacheka kidogo, akakijaribu mwenyewe, mbele, nyuma. Nzuki alisimama pale kifua kimemjaa. Alijua wameshinda. Ndipo kidole cha mama kikapanda juu, kikapita pale pa shavu, kikakutana na mikwaruzo, na akakigeuza kitako kwenye mwanga ili aone. Mama huyu anasoma Biblia kila asubuhi. Kusoma anajua.

Uso ukamkunjamana. Mkono mmoja ukaenda mdomoni, wa pili ukabaki umeshika mti lakini umeuweka mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba kitu kinachochuruzika. Kakenya akachungulia kujua ni nini, na yeye akarudi nyuma hatua nzima mpaka akagonga kitanda.

"Fundi, umefanya nini?"

Nzuki alidhani amekosea herufi. Kweli kabisa, hilo ndilo lililomjia. "Nimenakili kutoka kwa barua," akasema. "Si ndivyo linaandikwa?"

"Sisi hatutaji jina la mtu aliyekufa." Kakenya aliongea kwa sauti ya chini, haraka. "Akienda, limeenda naye. Kwa karatasi za serikali tunaandika kwa sababu hakuna njia. Lakini nyumbani, mbele ya mama, hakuna mtu amelitamka tangu tumzike. Hata watoto wadogo wanajua. Na wewe umeliweka hapa, niwe nalilalia kwa shavu langu."

Miaka ishirini na tatu Nzuki ameishi katika nchi ya watu hawa, amewauzia vitanda, amekula nyama kwenye harusi zao, na hilo hakuwahi kulijua. Usilolijua ni kama usiku wa giza, walisema wa kale, na hapa palikuwa mchana na haoni kitu. Akatamani ardhi imfungukie. Akaona Jumatatu inayofuata, binti huyu kwenye kaunta ya serikali anakabidhi kitu cha mwisho cha baba yake, na yote ni kwa ajili ya patasi yake.

"Mama, nisamehe," akasema. "Kwetu tunawaita. Nilifikiri ni heshima. Wacha nitoe, nitatoa saa hii, isibaki hata alama."

Akanyoosha mkono kukipokea kitako. Mama hakukitoa.

"Kwenu mnawaita?"

"Ndio, mama."

"Na hawawasumbui?"

"Hapana, mama. Tunawaita kila siku."

Malori mawili ya mawe yakapita, vumbi likaingia, hakuna aliyelipangusa. Mama aliinamia yale maandishi kwa muda mrefu. Kakenya akasema neno moja la Kimaasai la kumwomba waende. Mama akatikisa kichwa.

"Wewe si mtu wa kwetu," akamwambia Nzuki. "Hili katazo si lako. Halikushiki."

"Sijui, mama."

"Mimi najua. Lisome."

"Yeyo," Kakenya akasema.

"Nyamaza. Fundi, soma hiyo kitu umeandika. Mara moja."

Nzuki alimtazama mwalimu, mwalimu akatazama chini. Alimtazama Mukai, naye Mukai alikuwa ameshika leso mdomoni. Kwa maisha yake yote Nzuki hajawahi kuogopa neno kama alivyoliogopa lile. Alilamba midomo.

"Koinet," akasema.

Mama alikuwa amefumba macho. Alisimama hivyo, kichwa kimeinama upande mmoja. Machozi yalimshuka bila sauti yoyote, yakaingia kwenye mikunjo ya shingo. Kakenya alikuwa analia pia, lakini yeye alijificha.

"Sasa toa," mama akasema, akamkabidhi mti.

Nzuki akakibana kitako, akachukua randa ndogo. Pasi ya kwanza ya randa ikaondoa shanga. Pasi ya pili ikazifuta herufi katikati, na ya tano haikuwa na kitu cha kufuta. Akapiga msasa, akapaka mafuta. Mahali pa shavu palikuwa pameshuka kwa unene wa ukucha, basi akageuza skrubu, pakapanda, pakakaa sawa na jicho la mwalimu kama mwanzo. Mama alipapasa pale palipokuwa na jina, mara mbili, tatu. Pakawa laini.

"Hii inakaa na Kakenya," akasema. "Ndugu zako nitawaambia mimi."

Kakenya alikichukua kitako akakikumbatia, akaenda nacho kwenye gari huku anafuta machozi. Mama hakumfuata mara moja. Alifunga shuka lake vizuri, akamsogelea Nzuki karibu, hata Mukai ilibidi akaze masikio.

"Kila mwezi nakuja hapa Kitengela, kliniki ya presha," akasema. "Nitakuwa napita. Hutaandika mahali. Utaniambia lile jina tu, mara moja, halafu naenda."

Nzuki akaitikia kwa kichwa.