Kibao cha Njia ya Mtoni

Ipo siku moja ya kijijini Namoto, mwanangu, ambayo siisahau wala sitaki kuisahau. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na kibao cha njia ya mtoni, placa kama tunavyosema kwa Kireno, kikaanguka. Mchwa walikuwa wameula mguu wake chini ya udongo, na huku juu rangi bado inang'aa.

Kibao kilikuwa cha shangazi yangu Zaituna, aliyekuwa akiwakodishia wasafiri uwanja wa kupiga mahema. Kazi ya kibao hicho ilikuwa kumwambia mgeni kwamba mto ule una mamba, asiende kuoga. Na siku hiyo mahema yalikuwa yamejaa, na joto letu la masika unalijua mwenyewe.

Shangazi hakupiga kelele. Alichukua kigoda na mwavuli, akaenda kukaa katikati ya njia. Kila aliyekuja na taulo begani alirudishwa. Mimi wakati huo nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye karakana ya mashua. Nikamwendea.

"Shangazi, inuka tafadhali, utaugua. Kile cha zamani nitakigongomea kwenye mkoko hapo, basi."

"Cha zamani kimeoza," akasema. "Nenda kachonge kingine. Mpaka kisimame, placa ni mimi."

Nikakimbia nyumbani. Ubao wa mkongo ulikuwepo, mgumu kwelikweli. Lakini kwa haraka ya kumtoa mvuani, nikafanya kama tulivyozoea kufanyia mashua: nikaupaka wote mafuta ya papa, mbele na nyuma, ndipo nikaandika. Rangi gani itashika juu ya mafuta? Nilipoufikisha, mamba niliyemchora alikuwa ameshatiririka, amebaki mkia. Cheka, mwanangu, maana hata shangazi alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Anakuja mtoto wa watu hapa, Kireno hajui, Kiswahili hajui. Asome mkia? Rudi nao. Ukwangue, uchonge kwa patasi, uuache ukauke. Usinionee huruma mimi, waonee hawa."

Maneno yale yaliniuma, na nilistahili kuambiwa. Nikaukwangua mpaka ukarudia rangi yake. Nikachonga herufi zikazama, na mamba nikamchonga pia. Nikaanika ubao juu ya meko ya mama, ukawa unakauka polepole, na mimi roho juu nikiisikia mvua inavyompiga mzee wa watu. Mguu wa kibao niliuchoma moto ukawa mweusi, mchwa wasiuguse, ndipo nikaupaka mafuta ya papa, mguu peke yake.

Kesho yake alasiri tukakisimamisha. Wakaja wageni wawili, mtu na mkewe, taulo mkononi. Wakasimama, wakamtazama yule mamba, wakageuka kurudi walikotoka. Shangazi, aliyekuwa amesogea pembeni, hawakumwona hata kumsalimu. Akainuka kwa shida, ameshika kiuno.

"Haya, mwenzangu kafika," akasema. "Acha nikabadilishe nguo."

Sasa, baada ya miaka ya kutoonekana, wageni wameanza kurudi mmoja mmoja pwani yetu, nawe umepewa kazi ya vibao vya kambi. Basi nisikilize. Chagua mti mgumu, hata kama utakuchosha mikono. Herufi zichonge, usitegemee rangi peke yake, na picha uiweke kwa asiyejua lugha zetu. Mguu uchome na uupake mafuta; uso uuache ukauke kabisa kabla hujaupaka chochote. Kila masika yakikaribia, nenda ukaoshe chumvi, halafu ufukue kidogo uangalie chini ya udongo, maana huko ndiko mchwa wanakoanzia. Na mteja akikuharakisha, kataa. Hata nikiwa mimi, nikatalie. Wewe utakuwa umelala kwako wakati mtoto wa mtu anasimama mbele ya kibao chako akiamua apite au arudi.

Mungu aipe mikono yako subira, mwanangu, na kila atakayelala hemani kwenye pwani hii amuamshe salama. Amina.